Treni ya Rukanga

Wakesho weee! Nyanya amejichoma leo kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya ukoo mzima. Bado siamini!

Si unajua ile sifa yake? Mwaka wa 71 babu alimpeleka Rukanga aonwe na wakwe. Ardhi ikatetemeka, vyombo vikalia, watu wote wakatoka mbio. Yeye akabaki ameketi, ameshikilia birika, anamimina chai. Anamimina chai, Wakesho! Wakwe wakasema msichana huyu ni shujaa, aolewe.

Sasa leo nikamuuliza, "Nyanya, kwani hukuogopa?"

"Niogope nini? Si nimelelewa kota za reli pale Voi? Nilijua ni treni ya mizigo inapita."

Treni! Rukanga! Huko chini ya Kasigau hakuna reli hata ya dawa!

Babu akaweka kijiko chini. "Miaka hamsini na kitu naambia watu nilioa shujaa. Kumbe nilioa abiria!"

Nikajua nimevunja ndoa ya watu.

Nyanya hata hakugeuka. "Na huyo abiria, Zefania, ulimwachia nani ndani ukikimbia?"

Babu akaomba chumvi.