Nilimsimamisha Abuu Mbele ya Darasa

Mpendwa Mama Severina, shikamoo. Naomba unisaidie kwani hapa nilipo sina wa kumwambia, mimi ni mwalimu wa darasa la tano kijiji cha jirani na Mnyambe, kwetu ni Lulindi, nimeolewa, na mwaka huu tuliletewa vitabu vya katuni vya watoto, hadithi ya kubuni ya mambo ya anga, roboti anawachukua watoto wa sayari moja, anawafungia kwenye chombo chake, anawapa majina mapya, na wakitoka hawaruhusiwi kusimulia waliyoyaona. Watoto walivipenda mpaka watoro wakarudi shule, nami nikatoa kopi za ukurasa mmoja, nikafuta maneno ya roboti, nikawaambia kila mmoja aandike anachodhani roboti anawaambia wale watoto.

Siku hiyo afisa elimu kata, ambaye si wa huku, alikaa nyuma ya darasa. Nikamsimamisha Abuu, mtoto msikivu aliyetoka jandoni likizo ya Desemba, akaanza kusoma, sentensi ya pili tu wavulana wakainamisha vichwa, nikajua, Mama, nikajua kabisa yale si maneno ya roboti ni ya jandoni, na wasichana wanasikia, na wadogo ambao hawajaingia. Akasita, akanitazama. Nikamwambia, "Endelea, Abuu, paza sauti," kwa sababu mgeni alikuwa anaandika nami nilitaka aandike mazuri. Akasoma mpaka mwisho, mtoto wa watu, tukampigia makofi mimi na afisa peke yetu.

Jioni wenzake walimpiga mpaka jino likatoka. Baba yake, mzee Mrisho, akaitwa na wazee wa jando, nami nikaitwa, mwalimu mkuu akaninong'oneza nisijiingize, nikawaambia wazee mtoto alisoma kwa hiari yake mwenyewe. Sasa Abuu haruhusiwi kukaa na rika lake, lile jina alilopewa jandoni hakuna anayemwita, kutwa yuko peke yake kwenye mikorosho, shule hakanyagi. Mama yake, Pili, alinikuta kwenye foleni ya maji, hakunifokea, alisema tu, "Mwalimu, mwanangu alisimama kwa kuwa wewe ulimsimamisha. Kama una mdomo, useme." Mama, uhamisho wangu wa kwenda Masasi umekubaliwa, je, nifunge virago tu, au niseme, na nikisema si nitaharibikiwa kazini?

Mwalimu W., Newala

*

Marahaba, mwalimu. Majina nimeyabadilisha, hasa la mtoto.

Pole, lakini sitakubembeleza. Kitabu hakina kosa, wala zoezi halikuwa baya. Kosa lilianza mtoto alipokutazama. Ungekuwa mgeni kama huyo afisa wako, ningesema hukujua. Wewe ni binti wa Lulindi, umepita unyagoni, na kuna maneno ambayo hata mumeo hujamwambia. Mtoto alikuomba ruhusa ya kunyamaza, ukamnyima kwa ajili ya sifa, kisha ukamsingizia mbele ya wazee. Tunawafundisha watoto kumtii mwalimu. Abuu alitii, na hilo ndilo kosa lake lote.

Sasa sikiliza. Mwalimu mkuu wako mwache ofisini kwake. Mtafute kungwi anayeheshimika hapo kijijini, umweleze, akutangulie kwa wazee, maana mambo haya hayaendewi kwa pupa. Mbele yao na mbele ya mzee Mrisho sema kwamba ulimsimamisha wewe, alisita, ukamwambia aendelee, kisha ukadanganya. Neno hata moja la aliyoyasoma usilirudie. Wakitoza faini ya mila, ni yako, si ya baba yake.

Na lile jino, mwalimu, mbona umelipita haraka hivyo? Mtoto apelekwe zahanati na afisa ustawi wa jamii aambiwe leo. Mila haikumtuma mtu kumng'oa mtoto jino, na wazee wenyewe wanalijua hilo. Kazini utapata onyo, lipokee. Uhamisho usubiri. Ukiondoka sasa, uongo wako utabaki kijijini na mtoto huyo.

Siwezi kukuahidi kwamba watamsamehe. Maji yakimwagika hayazoleki, na rika likishamkataa mtu huchukua miaka. Pengine Abuu hatarudi darasani, wala hatakuamkia tena. Nenda ukaseme hivyo hivyo.