Pambo la Baba Adero

Baba Adero mpenzi,

Huku Nyalenda tuko salama, ila Owiti anaota meno na mimi silali. Mti wetu wa Krismasi ni tawi la saiprasi ndani ya mkebe wa mchanga. Adero amesuka nyota za magugumaji makavu, mimi nimetengeneza maua ya magamba ya samaki. Kila mtu anatundika pambo lake. Mwaka jana lako nililitengeneza mimi, nikamwambia Adero umelituma kutoka huko uliko, Luanda Kotieno. Alilala nalo.

Jana aliuliza, "Mama, la Baba litafika lini?"

Nikamwambia, "Muulize akija."

Sitamdanganya tena. Nimekuwekea waya na vifuniko vya soda. Njoo ulitengeneze hapa, mtoto akikuona.

Anayekungoja,
Winny