Sentensi Ambayo Daforoza Hakuiandika

Katumba, Mpanda

Mjukuu wangu Evelina,

Huku nyumbani tupo, ila kifua kinamsumbua babu yako tangu mvua zianze, na ngedere wamemaliza mahindi. Nyie huko Dodoma hamjambo?

Umeniuliza kwa nini Kiingereza kinasema "look for", wakati "find" haitaki neno la kuisindikiza. Nasi tulifundishwa hivyo miaka ya sabini, tulipokuwa bado wageni hapa Katumba. Ya njiani kutoka Burundi siyasemi.

Nilikaa benchi moja na Daforoza, aliyepotezana na mama yake wakati wa kukimbia. Siku hiyo mwalimu alimwambia atunge sentensi. Akaandika ubaoni: "I look my mother." Tukacheka.

"Weka for," mwalimu akasema kwa upole. "Bila hiyo hujamtafuta mtu. Sasa tunga ya find. Yenyewe inampata mtu moja kwa moja."

Daforoza alisimama na chaki mkononi. "Hiyo siwezi, mwalimu. Nitakuwa nasema uongo."

Mwalimu akaipokea ile chaki, akamwambia akakae.

Kila lori lilipoleta watu, Daforoza alikwenda kutazama nyuso. Hata alipozeeka, akisikia mgeni kafika, alimfuata kumuuliza.

Tulimzika mwezi uliopita. Pale kaburini binti yake alinishika mkono, akaniuliza, "Mama, sasa bibi yangu atatafutwa na nani?"



Soma vizuri, mama.

Ni mimi bibi yako,
Veneranda