Dawa Uliyomtumia Mkaguzi

Kwa dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Kazi ipo kidogo. Juzi nimemaliza makochi ya mwalimu mkuu, akayakalia yote bila kulalamika, jambo ambalo halijapata kutokea.

Sasa ni miezi minne tangu tumzike mtoto. Hujakanyaga hapa, na simu zangu hupokei. Najua sababu.

Unakumbuka kwa nini tulimwita Mkaguzi. Alikaa juu ya robota la sponji karibu na cherehani, miguu ikining'inia, na mshono uliopinda aliuona kabla yangu. Siku moja alimwambia mteja arudi kesho, maana leo baba anashona kama mtu aliyesinzia. Alikuwa na miaka tisa, saratani ya damu imeshamtoka, nywele zimerudi nyingi kuliko za mwanzo.

Wakati wa matibabu aliongezewa damu mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Wewe mwenyewe ulimtolea mara mbili. Damu hiyo ndiyo iliyomvusha. Lakini daktari alinieleza kwamba kila mfuko huja na madini yake ya chuma, na mwili hauna njia ya kuyatoa yakizidi. Basi hutua kwenye ini na kwenye moyo, kimya kimya. Ulipokuja ukamwona mchovu, ngozi imeingia ukijivu, ulidhani damu imepungua tena, ukatuma chupa tatu za dawa ya kuongeza damu. Shangazi gani asingefanya hivyo?

Miguu yake ilipovimba, na pumzi kumkatika kwa ngazi mbili tu za mlangoni, tulikimbilia hospitali. Moyo ulikuwa umeshachoka. Msibani mama yake akasema mbele ya watu kwamba ni dawa ya wifi iliyomjaza chuma. Ulitoka umejifunika uso. Mimi nilikuwa palepale, nikainamia mkeka.

Dada, Mkaguzi hakuonja hata tone la dawa yako.

Mama yake hutoka alfajiri kwenda kazini kwa dobi, kwa hiyo dawa zote za mtoto zilikuwa mikononi mwangu. Muuguzi alishanionya nisimpe chochote chenye chuma kabla hajapimwa kiasi alichonacho. Chupa zako nikazisukuma nyuma ya marobota ya sponji, wala vifuniko sikuvigusa.

Lakini kwenye kipimo chenyewe sikumpeleka. Siku ya mwisho ya matibabu nilimwahidi kwamba sindano zimekwisha. Tarehe ya kipimo ilipofika, tayari amevaa viatu, aliniuliza kama baba naye huwa anasema uongo. Nikamvua viatu. Kliniki walipiga simu mara tatu, nami nikajibu tumesafiri. Mwaka ukapita hivyo, yeye anacheka, mimi najisifu kuwa mtu wa ahadi. Daktari aliniambia baadaye, kwa upole mno, kwamba chuma hicho kikiwahiwa kina dawa za kukitoa.

Watu walipokutupia lawama, niliona nimepata pa kujificha. Nikajificha nyuma yako, dada yangu uliyenibeba mgongoni.

Jana nimemwambia mama yake yote. Hakupiga kelele. Alizitoa zile chupa, akazipangusa vumbi moja moja, kisha akasema nikuandikie leo hii hii, nisingoje ujasiri mwingine.

Jumamosi tunakuja. Yeye anakuja kukuomba radhi. Mimi nakuja kusema mbele ya shemeji, na yeyote utakayependa asikie, yale niliyoyanyamazia msibani. Kama moyo wako utakataa kunifungulia mlango, mfungulie yeye, mimi nitakaa nje.

Nisalimie watoto, na shemeji umpe pole ya kazi.

Mdogo wako,
Baba Mkaguzi