Mashine ya Mpunga Niliyoijenga Ukweni

Burnsville, Jumapili, Aprili 1997

Theluji ya juzi imegeuka tope, na tope limeingia na viatu vya watoto mpaka kwenye zulia. Siku nyingine ningepiga kelele kuhusu zulia. Leo zulia wala silioni.

Nina hasira. Naliandika neno lenyewe kwanza, ili nikija kusoma baadaye nisijidanganye kwamba nilikuwa nimechoka tu. Nina hasira na mume wangu, na shemeji yangu, na mama mkwe ambaye nampenda. Na mimi mwenyewe nimo humo humo.

Naandika hapa kwenye ukurasa wangu wa intaneti, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusoma, kwa sababu Wahyu, mume wangu, hasomi Kiswahili. Anajua karibu, asante na pilipili. Kwa leo inatosha.

Kwa aliyeangukia hapa bila kunijua: mimi ni Mwanaidi, mtu wa Mombo, Tanga. Nilikuja Minnesota kusoma, nikakutana na Wahyu chuoni, Saint Paul, yeye akisomea udongo na mimi mambo ya maabara. Ni Mjava. Kwao ni mji mdogo wa wilaya, Java ya Kati: barabara kuu moja, uwanja wa nyasi katikati, msikiti upande mmoja na ofisi za wilaya upande wa pili, na soko linalofuata juma lao la siku tano, kwa hiyo ukijiwekea kichwani kwamba Jumamosi ndiyo soko, utakuta meza tupu. Kuzunguka mji ni mpunga mtupu. Niliupenda mji ule siku ya kwanza, nikiwa bado nina homa ya safari.

Baba yangu aliendesha mashine ya kukoboa mpunga Mombo mpaka alipostaafu. Nimelelewa na ule mngurumo. Nikiwa mtoto nilijua kwa sikio tu kwamba mkanda umelegea. Kwa hiyo nilipoona wakulima wa kule ukweni wanabeba mpunga wao mpaka mji wa mbali kwenda kukoboa, wazo lilinijia mimi. Si Wahyu. Lilinijia mimi.

Mwaka tisini na nne tukaacha kazi, tukaenda kuishi kwa mama mkwe zaidi ya mwaka. Chini tukajenga kinu cha kukoboa mpunga, juu vyumba vyetu vya kuishi, vyenye madirisha yanayotazama mashamba. Mimi ndiye niliyesimama na mafundi. Nilibishana na wauza matofali kwa Kiindonesia cha kuungaunga mpaka wakanipachika jina la Mama Matofali. Kijava nilifundishwa na Ibu, mama mkwe, jioni baada ya magharibi, kile Kijava cha heshima ambacho mtu humwambia mkubwa wake, na kila nilipokosea alinigusa goti akanirudisha mwanzo wa sentensi. Sijawahi kufundishwa kitu kwa upole kama ule.

Ardhi iliandikwa kwa jina la Agus, mdogo wake Wahyu. Hilo si siri na sikulilalamikia. Sheria ya kule hainiruhusu mimi mgeni kumiliki ardhi, na mwenyeji aliyeoa mgeni bila kutenganisha mali naye anakwama. Tulikaa wote sebuleni kwa Ibu, tukakubaliana: jina la Agus, mali yetu. Agus mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Kisha tukamwachia Agus usimamizi, tukarudi huku kufanya kazi miaka michache, na mwezi wa sita mwaka huu ndiyo tunahamia moja kwa moja. Watoto wameshaaga darasani.

Leo asubuhi Wahyu anakaanga mayai. Ananiambia, huku ananipa mgongo, kwamba wakwe wa Agus wamehamia ghorofani.

Ghorofani wapi?

Kwenye vyumba vya juu, anasema. Na kwamba Agus amepatana na mfanyabiashara mmoja wa mchele aendeshe mashine kuanzia mavuno yajayo. Alilisema hilo kama mtu anayekuambia mvua imenyesha. Nikamuuliza nani amempa ruhusa. Akazima jiko kwanza, akapakua mayai, akanyoosha taulo la mikono pale linaponing'inia.

"Watu wa pale wanajua kinu ni cha Agus," akasema.

Wanajuaje? Nani kawaambia? Nikamwandama mpaka akanieleza, na sasa lazima nieleze ile sherehe, maana ndipo nilipochinjwa.

Siku ya kufungua kinu tulifanya karamu ya dua, kama ilivyo desturi yao. Wanawake wa mtaani walikuja alfajiri, tukakuna nazi, tukasaga manjano, tukapika wali wa njano na kuufinyanga kama mlima, kuku na mayai kuuzunguka. Wanaume wakaketi kwenye mikeka, dua ikasomwa. Baada ya dua mwenye shughuli hukata ncha ya ule mlima, halafu watu wote wanakula. Mama mkwe akanipa kisu mimi.

Mimi nikafanya walichonifundisha kwetu. Kwetu mtu hajikwezi siku ya shughuli yake. Unarudi nyuma, unamtanguliza mwingine, watu wanakusifu kwamba umelelewa. Agus alikuwa amebeba saruji miezi yote ile, mabega yamechubuka. Nikamgeukia, nikamwekea kisu mkononi, nikamwambia akate yeye. Nikapiga makofi. Nilijiona mstaarabu kweli kweli.

Kumbe kule anayekata ndiye mwenye mali. Hakuna anayekwenda ofisi ya wilaya kuuliza. Mtaa mzima ulikuwa pale, imamu alikuwa pale, mkuu wa mtaa alikuwa pale, wote waliniona nikimkabidhi shemeji yangu kinu, wakala wali, wakaenda nyumbani wakijua. Tangu siku ile, mpunga unapelekwa kwa Agus.

Nikamuuliza Wahyu kama alijua maana yake pale pale, nilipokuwa nanyoosha mkono.

Alijua.

"Mbona hukunizuia?"

"Watu walikuwa wameshakaa."

Nimeyarudia maneno hayo mchana kutwa. Nikiosha vyombo nayarudia. Watu walikuwa wameshakaa, kwa hiyo ingekuwa aibu kunishika mkono. Ingekuwa aibu kumkata Agus furaha. Halafu ingekuwa aibu kulizungumza kesho yake, na wiki iliyofuata, na kwenye ndege, na miaka miwili mizima tukilala kitanda kimoja hapa Burnsville. Mume wangu si mwongo. Ni mtu mwenye adabu. Leo naichukia adabu yake kuliko uongo wa mtu mwingine yeyote.

Saa nane Anna akanipigia kutoka Roseville. Anna ni Mchaga, tulisoma wote, huwa hazungushi. Nikamwaga yote. Badala ya kunipoza akaniambia, "Si nilikwambia u-invest Tanga? Umejenga ukweni, mwenzangu. Tena wewe mwanamke, ukweni, nchi ya watu."

Nikakata simu. Sitaki kusikia habari za kujenga ukweni. Watanzania wa hapa wote wana nyumba nyumbani ambazo hazina paa, kila mmoja ana ndugu anayemsimamia, na kila mmoja anaogopa kwenda kuangalia. Lakini mimi ndiye mjinga kwa sababu ndugu wanaonisimamia mimi ni Wajava, wanakula tempe, ile soya yao ya kuvundika.

Lililoniuma ni kwamba hakukosea sana.

Jioni nikamwambia Wahyu apige simu kwao, mbele yangu, amwambie Agus sentensi moja: vyumba ni vyetu, wakwe wahame, mkataba na mfanyabiashara haupo. Kule ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, wameshaswali. Akapiga. Nikakaa kwenye mkono wa kochi lake.

Akauliza habari za goti la Ibu. Akauliza mvua. Akauliza kama panya wameingia kwenye mpunga wa jirani. Akacheka, tena cheko la kweli. Akasema tutafika mwezi wa sita inshallah, na kwamba watoto bado wanazungumzia jinsi walivyopenda kulala juu na kuona mashamba asubuhi. Akauliza bei ya mbolea. Akaaga.

"Nimemwambia," akasema.

Nikamwambia nimeishi kwao, nimesikia kila neno. Hakuna alichomwambia.

"Amesikia. Nimemtajia watoto na ghorofa."

Na uso wake, Mungu shahidi, ulikuwa uso wa mtu aliyefanya jambo gumu sana. Kwa kipimo cha kwao pengine alikuwa amemtukana ndugu yake. Niliona hivyo, na bado nilitaka kumtupia mto wa kochi. Nikamtupia.

Kisha nikachukua simu nikapiga mwenyewe.

Akapokea Ibu. Akafurahi kusikia sauti yangu, akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimejipanga kwa Kiindonesia cha sokoni, kile nilichobishania matofali, lakini kwake mdomo ulikataa. Nikaongea kwa kile Kijava cha heshima. Nikamwambia polepole kwamba kinu nilikijenga mimi na mwanawe, kwamba siku ile ya wali sikujua nafanya nini, kwamba vyumba vya juu ni vya watoto wangu, na naomba amwambie Agus mbele ya majirani.

Nilisikia jogoo, na pikipiki ikipita nje kwake.

Halafu akasema, kwa sauti ile ile aliyonifundishia, kwamba yeye ana wana wawili na amewazaa kwa uchungu ule ule. Akasema nisiwe na wasiwasi mwezi wa sita. Kitanda chake ni kikubwa, mimi na watoto tutalala naye chumbani kwake, na Wahyu atatandikiwa sebuleni.

Hiyo ni hapana. Hakuna hapana kubwa kuliko hiyo kwa watu wale. Nimenyimwa nyumba kwa kupewa nusu ya kitanda cha mama mkwe.

Na mimi nikashukuru. Hasira imenijaa mpaka masikioni, nikamshukuru kikamilifu, kila neno mahali pake, nikamwombea goti lake lipone. Hakunisahihisha hata mara moja.

Sasa nimekaa hapa. Wahyu anawaogesha watoto, namsikia akiwaimbia wimbo wa kwao, na nashindwa kuchukia sauti ile, jambo linaloniongezea hasira. Anna angesema tusiende, tubaki, tununue nyumba Lakeville kama watu wengine. Nimelifikiria. Nimelifikiria vizuri, na nimeona kwamba nikibaki, basi kweli nimemgawia Agus kinu, safari hii nikijua ninachofanya.

Kwa hiyo tutakwenda. Sitamtuma Wahyu kusema, na sitampigia tena Ibu. Nitateremka kwenye gari mchana kweupe, siku ya soko, mji mzima ukiona, na nitapandisha masanduku yangu ghorofani mwenyewe. Nitawasalimu wakwe wa Agus kwa adabu zote alizonifundisha Ibu. Wakihama nitawashukuru. Wasipohama nitatandika godoro katikati yao, na tutaona nani ataona aibu wa kwanza.