Mtoto Asiye na Karatasi

Makambako, Jumatano. Upepo tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye unga.

Nisamehe, daftari langu. Mara ya mwisho nilipokuandikia mtoto alikuwa hajakaza shingo. Sasa ana meno mawili na ananing'ata. Sikuwa na la kuandika ila uchovu, na uchovu ukiuandika unazidi.

Leo ninalo la kuandika. Yohana, mume wangu, ameangukiwa na jiwe mgodini huko Rodeshia ya Kaskazini. Barua ameiandika mwenzake wanayelala chumba kimoja: yuko hospitali, ameumia mguu na kiuno, anamtaka mkewe, na kama mke anaweza kuja asingoje mavuno. Barua yenyewe imekaa njiani wiki tatu.

Wiki tatu.

Sitaki kuhamia huko. Nataka siku chache tu, nimwone, nimwogeshe, nirudi. Basi jana nilipanda lori la mbao lililokuwa likirudi tupu Njombe, nikaenda bomani kuuliza mtu asiye na paspoti anavukaje pale Tunduma.

Karani si mtu mbaya. Alinieleza polepole kama mwalimu. Paspoti ni ya wanaopanda meli, alisema. Sisi wa kwenda na kurudi tunaandikiwa barua ya boma na kugongewa muhuri. Mwanamume anaonyesha stakabadhi ya kodi. Mwanamke halipi kodi, kwa hiyo serikali haimjui. Yeye anajulikana kwa cheti cha ndoa na barua ya jumbe wake. Nikashusha pumzi, kwa maana hivyo naweza kuvipata.

Kisha akachungulia mgongoni kwangu.

"Na huyu, mama?"

"Mwanangu."

"Cheti chake cha ubatizo kiko wapi? Nitajuaje kama hukumwazima kwa jirani?"

Nikamwambia basi aandike mtu mmoja na mzigo wake wa maziwa. Wazee waliokaa kwenye benchi wakacheka. Karani naye akacheka, halafu akafunga kitabu. Alisema mpakani wanahesabu vichwa, na kichwa kisichoandikwa kinarudishwa pamoja na mama yake.

Kosa ni langu.

Mama mkwe aliniambia tangu mwanzo, mpeleke mtoto abatizwe. Nikakataa. Katika usharika wetu baba ndiye anayemtaja mtoto jina mbele ya mchungaji, na Yohana aliondoka kabla sijajifungua. Niliona kumbatiza bila yeye ni kama kusema harudi. Nikangoja. Mpaka leo tunamwita Kadogo, na Kadogo si jina la kuandikwa bomani.

Asubuhi hii nilipotelemka lorini sikupita hata nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa mchungaji. Amekubali kumbatiza Jumapili, mradi ndugu wa kiume wa Yohana aridhie kwa maandishi. Nililia mbele yake, naona aibu kukuambia. Nililia kwa sababu jina litatajwa na baba mtu amelala huko, hajui mwanawe ameitwa nani. Kama bado yupo. Hilo nimeliandika mara moja, siliandiki tena.

Kumwacha mtoto siwezi, ananyonya. Kumwacha Yohana siwezi.

Kwa hiyo Jumapili anabatizwa, na Jumatatu nakwenda boma tena.

Kesho dereva wa lori anapita Matembwe, kijijini kwa wakwe zangu, Jumamosi anarudi. Nimemwomba ampelekee shemeji yangu Elia, mdogo wake Yohana, haya ninayotaka. Nayaandika hapa kwanza nisije nikasahau moja.

Shemeji, nitumie cheti chetu cha ndoa, kiko kwenye sanduku la mama, chini ya shuka. Barua ya jumbe, yenye muhuri. Ya alama ya kidole gumba haipokelewi. Stakabadhi ya kodi ya kaka yako ya mwaka juzi, kama mama hakuiwashia moto. Karatasi yako kwa mchungaji kwamba umeridhia mtoto abatizwe. Blanketi zito, moja tu.

Na jina. Kama kaka yako aliwahi kukutajia jina alilomwekea mtoto, liandike juu kabisa, kwa herufi kubwa. Kama hakukutajia, tuma hivyo vingine. Jina nitampa mimi.