Pawaso Mpya na Paa la Mama Nekesa

Kambi ya wakata miti,
Upande wa Endebess,
Kitale.

Kwako Mama Nekesa, mke wangu,

Pokea salamu nyingi kuliko majani ya tumbaku katika shamba lako hapo Malakisi. Mimi ni mzima. Vidole vya mkono viko vyote, na vya mguu viko, nimevihesabu kabla ya kushika kalamu kwa sababu najua hilo ndilo utauliza kwanza. Je, wewe kifua kinaendeleaje? Bado unakohoa kwa kulala kwenye banda la tumbaku? Na yule ng'ombe mweupe amezaa, ama bado anatuchezea?

Hii barua nimeandika mimi mwenyewe, sikuandikiwa na mtu. Mwalimu wa ngumbaru hapa, anayetufunza sisi wazee kusoma, aliniambia mzee andika pole pole, nikamwambia mimi sijafanya kitu pole pole tangu nizaliwe. Kwa hivyo ukiona mstari umepanda mlima, ujue ni meza iliyo mbaya, si mkono.

Sasa wacha nikupe habari kubwa kwanza ndio roho yako itulie, halafu nitarudi nyuma nikueleze vile ilikuwa. Mbao za nyumba yako ziko tayari. Zimepasuliwa zote, za paa na za milango, na nimezipanga juu ya mawe zipigwe na upepo. Paa litapanda kabla majani ya tumbaku hayajaanza kuvunwa. Sasa pumua.

Usifikiri mimi nikiwa huku sijui vile umekaa. Tangu ule upepo uvunje mbao za paa na kumwaga mabati yetu uani umelala kwenye banda la kukaushia tumbaku kama gunia. Nyumba ya mwanetu Wafula iko hapo na ina nafasi, lakini mama halali katika nyumba ya mwanawe hata mvua ikinyesha mawe, na singetaka wewe uwe wa kwanza kuvunja hiyo desturi. Na majani yakivunwa, banda linawashwa moto. Ungeenda wapi? Jikoni kwa mke wa ndugu yangu Wanjala, yule aliyesema kwenye matanga mbele ya watu ati mimi niko Kitale kunenepesha wake za wengine. Nilisikia. Sikujibu, lakini nilisikia.

Basi, mwenye shamba huku alikuwa na miti ya saiprasi imeangushwa na upepo kando ya shamba la ngano. Akaniita akaniambia, mzee, mitano ni yako, kwa vile umenifanyia kazi miaka hii yote bila kuniibia hata kuni. Lakini akaweka neno moja: iondoke kabla trekta haijafika huo upande, kama sivyo atamwachia mtu wa kiwanda cha mbao aje na lori lake. Ndio nikauza yule fahali. Najua ulinuna. Uliambia hata dada yangu kwamba nimezeeka vibaya. Sasa sikia mahali fahali alienda.

Nilienda Kitale mjini, kwa duka la yule Kalasinga anayeuza mashine, nikanunua pawaso, ule msumeno wa injini. Mpya kabisa, bado ndani ya karatasi yake, inanuka rangi. Kalasinga akanionyesha vile ya kuwasha, vile ya kuchanganya petroli na oili, halafu akasema nikishamaliza galoni ya kwanza niirudishe, fundi wake aikaze na kuisafisha na kuipima. Ati service ya kwanza ni bure, na ya pili ni bure.

Nikacheka. Nikamwuliza, kwani mashine ni mgonjwa? Ng'ombe ukimnunua leo sokoni Kamukuywa, kesho unamrudisha kwa mwenyewe akukamulie? Nikamwambia mimi nimeangusha miti tangu wakati wa mkoloni, mpaka Mzungu alikuwa anasimama kunitazama anasahau chai yake ikipoa. Hiyo si maringo, watu walioona bado wako hai. Kalasinga akatikisa kichwa tu.

"Sawa mzee. Lakini mti ni mti, na injini ni injini."

Nikabeba mashine yangu nikaenda.

Hapa kambini kuna Mzee Masika, mtu wetu, alitahiriwa kabla yangu, huyo ndiye peke yake ninayemwamkia kwanza. Alipoona pawaso akasema kitu chenye kelele namna hiyo hakiwezi kuingia msituni bila kubarikiwa. Nikaona ni kweli. Fahali mzima yuko ndani ya hiyo mashine, na nyumba ya mke wangu pia. Busaa ikatafutwa, mzee akajaza mdomo hiyo pombe tayari kuipulizia kama tunavyofanya. Lakini mimi nikamzuia kidogo. Nikafikiria, ukibariki ganda la nje peke yake, umebariki nini? Nikachukua bisibisi, nikafungua kifuniko cha juu, pale mashine inapovutia hewa, nikamwambia mzee, sasa pulizia hapa, ifike kwa moyo. Mzee Masika ana mapafu mazuri kwa umri wake. Alipulizia vizuri kabisa.

Na ikawaka, bana. Siku za kwanza ilinguruma watu wakaacha majembe wakaja kuangalia. Nikatoa matawi ya miti yote mitano. Nilifikiri nikuandikie barua wakati huo, ni vizuri sikuandika.

Kwanza mnyororo ulianza kulegea. Nikasema utazoea. Siku moja ukaruka kutoka kwa chuma chake ukanichapa gambuti ya kushoto, raba ikapasuka, soksi haikuguswa. Usipige kelele, nimekwambia vidole viko. Halafu injini ikaanza kukohoa kushinda wewe, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Nilivuta ile kamba mpaka mchana. Mzee Masika akaniambia nipumzike, hata ng'ombe akikataa maji humchapi. Nikamjibu vibaya, na si desturi yangu kwake.

Jioni hiyo mwenye shamba akapita, akasema trekta inaanza upande wetu wiki inayokuja.

Mama Nekesa, nilitafuta ule msumeno wetu wa zamani wa watu wawili. Lakini mwenzangu wa upande ule mwingine, yule Mteso tuliyepasua naye mbao miaka yote, amerudi kwao na magoti yake. Nilijaribu peke yangu asubuhi nzima. Msumeno ulienda, haukurudi. Unajua mabega yangu vile yalivyo, hakuna mtu wa rika langu ana mabega kama haya, lakini siku hiyo yalikataa. Nikaketi juu ya gogo. Nikaona banda limewashwa moto, nikakuona wewe umekunja blanketi lako kwa mkono unaenda kubisha kwa mlango wa mke wa Wanjala. Niliona kama sinema. Sikula siku hiyo.

Kesho yake nikatia mashine kwa gunia nikaenda Kitale. Kwa njia nilikuwa nimepanga maneno yangu, na nilipofika nikayatoa yote mbele ya wateja. Nikasema huyu Kalasinga ameniuzia mzee mwenzangu aliyepakwa rangi. Nikasema mashine mpya haikohoi. Nikasema arudishe fahali wangu, na yeye hajui hata fahali gani. Watu walikuwa wamejaa dukani, wengine wa misumari, wengine wa minyororo ya baiskeli, wote wakageuka kunitazama. Kalasinga hakukasirika. Alimwita fundi wake atoke nyuma.

Fundi ni mtu wetu, Khaemba, wa hapo Kanduyi. Alitahiriwa mwaka ule Nekesa alizaliwa, kwa hivyo kwangu ni mtoto. Akafungua kile kifuniko. Akainamisha pua. Akatoa kile kitambaa cha kuchujia hewa, kilikuwa kigumu kama ugali wa jana, kimejaa makapi. Akaniangalia, halafu akasema kwa Kibukusu, chini chini ili mwenye duka asishike:

"Papa, hii mashine ilikunywa nini?"

"Ilibarikiwa," nikamwambia.

Akafunga macho. Kalasinga akauliza kutoka kwa meza yake, nini, kuna nini ndani? Hapo nikaona karatasi ya garanti iko mbele yake, ile inayosema ukiharibu mwenyewe ni juu yako. Nikajua akikataa, fahali ameenda, miti imeenda, na wewe unabisha kwa ule mlango. Khaemba naye ni kijana mwenye adabu, akajibu haraka ati ni vumbi tu, mkubwa, vumbi ya msituni.

Lakini mimi sijawahi kujificha nyuma ya mtoto, na sikuanza siku hiyo. Na angepata shida kwa kazi yake juu yangu. Nikasimama wima nikasema:

"Si vumbi. Ni busaa. Nilifungua mwenyewe, mzee wangu akapulizia baraka."

Kulikuwa na mama mmoja anayenunua misumari, alishika meza asianguke kwa kicheko. Kalasinga hakucheka. Alivuta ndevu zake, akaniangalia mpaka nikaanza kutafuta maneno mengine ya ugomvi. Halafu akasema:

"Mzee, mimi pia nikinunua lori naombea. Mama yangu analetea lori peremende. Lakini peremende tunakula sisi, hatutii kwa tangi." Akamgeukia Khaemba. "Fungua yote, osha. Hii ni service ya kwanza, si ndio? Amechelewa tu."

Amechelewa tu. Hivyo ndivyo alisema, na garanti akairudisha kwa droo. Nilitaka kumjibu kitu kikubwa lakini nikasema asante kama mtoto wa shule.

Khaemba aliniacha nisimame karibu. Alitoa kabureta, tundu zake ni ndogo kama jicho la sindano, akaipuliza na upepo wa mashine. Akabadilisha plagi. Akakaza kila nati, na nyingi zilikuwa zimelegea kweli, akasema mashine mpya inatetemeka mpaka ijitulize, ndio maana ya kuirudisha. Mnyororo pia akasema ukiwa mpya unanyooka, lazima ukazwe kila mara, si ungojee uruke. Aliponoa meno nilimwonyesha vile sisi tulikuwa tunashika tupa zamani. Akashukuru, ama alikohoa, sikusikia vizuri. Halafu ukaja ule msumari mdogo wa kando, unaopima petroli. Anauzungusha kidogo, anasikiliza, anaurudisha kidogo, anasikiliza tena, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Mashine ikaacha kulia ikaanza kuimba. Akazima, akanipa kamba. Nikavuta mara moja tu. Ikawaka. Nilitoka nje kidogo kwa sababu ya moshi, macho yangu hayapendi moshi.

Mama Nekesa, tangu hiyo siku haijanisumbua. Asubuhi nasafisha ile chujio, jioni nakaza mnyororo, na mtu mwingine haruhusiwi kuigusa. Mti wa kwanza ulipasuka kama mkate. Wa mwisho niliumaliza trekta ikiwa upande wa pili wa shamba, nasikia sauti yake, na yangu ilikuwa kubwa kushinda. Mwenye shamba alikuja akapitisha mkono juu ya ubao mmoja, akasema kiwanda hakiwezi kupasua sawa hivyo. Hapo aliongeza kidogo, lakini si sana. Usiku huo nililala mpaka Mzee Masika akaja kuangalia kama niko hai.

Lori litakuja Jumamosi, litapitia Kamukuywa na Kanduyi, barabara ikikubali litafika kwako kabla ya jua kuzama. Mimi sitakuwa ndani yake. Jumamosi ni siku ya service ya pili, na nimekubali kwenda, hakuna mtu alinilazimisha. Khaemba anasema wateja wake wote wangekuwa kama mimi angelala vizuri. Nitakuja wiki ifuatayo, na msumari wa kwanza wa paa nitapiga mimi. Mwambie Wafula asiguse kitu kabla sijafika, ila achonge nguzo na asafishe pale ndani.

Nisalimie dada yangu Namalwa, shangazi ya watoto, mwambie sijazeeka vibaya. Nisalimie binti yetu Nekesa akija kutoka alikoolewa, na mama yako mzazi, mwambie mkwe wake bado ana nguvu. Nisalimie Wafula, mwanangu. Nisalimie ndugu yangu Wanjala, na mke wake pia, usimruke.

Na jambo moja la mwisho. Lori likifika usitoke mbio. Kaa ndani ya banda. Acha dereva ashushe mbao zote kando ya njia, pale mke wa Wanjala anapita akienda kuteka maji. Zikiisha kushuka, jifunge kile kitambaa chako cha kanisa, utoke kama mtu aliyeamka sasa hivi, uulize mbele yake: hizi mbao zote ni za nani?

Ni mimi mume wako, Baba Nekesa, niliyeandika mwenyewe mpaka mwisho.